Joho Jipya, Tuhuma za Kale: Tupime Nini Anapoteuliwa Jaji?

Kila inaponong'onwa kwamba kiti kitaachwa wazi katika Mahakama ya Juu ya Marekani, jina la Jaji Brett Kavanaugh hurudi vinywani, na pamoja nalo hurudi mkanganyiko ule ule. Kwa Waafrika Mashariki wanaoishi Pearland, mji ulio kusini mwa Houston, Texas, maswali huja kwa mkupuo. Iweje tuhuma za mwaka 1982 zisikike 2018? Kwani mtu hahesabiwi kuwa hana hatia mpaka mahakama iseme vinginevyo? Na kama Baraza la Seneti lilimpitisha, je, lilimsafisha?

Maswali hayo matatu huulizwa kwa pumzi moja, ilhali kila moja lina kwao. La kwanza ni la ushahidi: ukweli unajulikanaje baada ya miaka mingi? La pili ni la kipimo: uhakika wa kiasi gani unatosha kumnyima mtu cheo? La tatu ni la utaratibu: nani anachunguza, lini, na kwa niaba ya nani? Wengi hugombana kwa sababu mmoja anajibu la kwanza na mwenzake anajibu la tatu.

Muda hufanya kazi mbili tofauti. Unadhoofisha ushahidi, lakini haupunguzi uzito wa tendo. Asiyezitenga kazi hizo mbili ataishia ama kumhukumu mtu kwa uvumi, ama kulisamehe kosa kwa sababu tu limezeeka.

Yaliyotokea 2018

Julai 9, 2018 Rais Donald Trump alimteua Kavanaugh, wakati huo jaji wa mahakama ya rufaa ya shirikisho mjini Washington, kujaza nafasi ya Jaji Anthony Kennedy aliyekuwa anastaafu. Mahojiano yalifanyika kuanzia Septemba 4 hadi 7. Kura ilikuwa inakaribia pale gazeti la Washington Post lilipochapisha, Septemba 16, madai ya Christine Blasey Ford, profesa wa saikolojia kutoka California. Alisema kwamba kiangazi cha 1982, yeye akiwa na miaka 15 na Kavanaugh 17, walikutana kwenye nyumba moja jimboni Maryland walikokusanyika vijana wachache. Huko, alidai, Kavanaugh akiwa amelewa alimlaza kitandani kwa nguvu, akajaribu kumvua nguo na kumziba mdomo asipige kelele. Kavanaugh alikana katakata.

Barua ya Ford kwa Seneta Dianne Feinstein ilikuwa imeandikwa Julai 30. Aliomba jina lake lisitajwe, na barua ikakaa zaidi ya wiki sita. Kwa upande mmoja kukaa huko kulikuwa kuheshimu ombi la mlalamikaji. Kwa upande mwingine kulionekana kama kuficha silaha mpaka dakika za mwisho. Kitendo kimoja kilisomwa kwa namna mbili tangu siku ya kwanza.

Septemba 27 wote wawili walisimama mbele ya Kamati ya Sheria ya Seneti. Ford alisema ana uhakika wa asilimia 100 kuhusu aliyemtendea. Hakukumbuka nyumba ilikuwa ya nani, tarehe ipi, wala alirudije nyumbani. Maelezo ya mshauri wake wa ndoa ya mwaka 2012 yalionyesha kwamba alilizungumza tukio miaka sita kabla ya uteuzi, ila hayakumtaja Kavanaugh kwa jina. Waliotajwa kuwapo nyumbani humo walisema hawalikumbuka tukio hilo.

Kavanaugh alileta kalenda yake ya 1982, ile ya ukutani yenye visanduku vya siku, aliyokuwa akiandika mazoezi, safari na mialiko. Kwenye kisanduku cha Alhamisi, Julai 1, aliandika kwamba atakwenda nyumbani kwa rafiki kunywa bia, akaorodhesha majina ya wenzake. Wawili kati yao walikuwa wale wale aliowataja Ford. Watetezi wake walisema: tazameni, kalenda nzima haina jina la Ford wala mkusanyiko kama aliousimulia. Wapinzani wakajibu: tazameni, mkusanyiko wenyewe ndio huu, na majina ni yale yale. Mstari mmoja wa mwandiko wa kijana ukawa ushahidi wa pande zote mbili. Hivyo ndivyo muda unavyofanya kazi kwenye ushahidi: unaacha vipande, na kila mtu anaviunganisha kwa gundi yake.

Septemba 28 kamati ilipiga kura 11 kwa 10 kumpeleka mbele. Maseneta wawili wa Texas, John Cornyn na Ted Cruz, walikuwa miongoni mwa wale 11. Seneta Jeff Flake wa Arizona alidai FBI wapewe wiki moja wachunguze. Walihoji watu 10, lakini si Ford wala Kavanaugh. Oktoba 6 Seneti ikampitisha kwa kura 50 dhidi ya 48.

Kwa nini tuhuma huibuka mlangoni

Wanaohoji wakati wa tuhuma hudhani jibu ni moja tu: siasa. Siasa ilikuwapo, hilo halikataliki. Uchaguzi wa katikati ya muhula ulikuwa Novemba 6, 2018. Chama cha Democratic kilinufaika kila siku kura ilipochelewa, na chama cha Republican kilinufaika kila siku ilipoharakishwa. Lakini zipo sababu nyingine tatu ambazo zingebaki hata siasa ingeondolewa.

Ya kwanza ni urefu wa cheo. Jaji wa shirikisho hukaa kitini maisha yake yote asipovurunda. Njia ya kumtoa ni Baraza la Wawakilishi kumshtaki na Seneti kumtia hatiani. Katika historia nzima ya Marekani, majaji 15 wa shirikisho wameshtakiwa hivyo na 8 ndio waliotiwa hatiani. Wa Mahakama ya Juu alishtakiwa mmoja tu, Samuel Chase, mwaka 1804, akaachiwa mwaka uliofuata. Ukishauvuka mlango, mlango unafungwa nyuma yako. Mwenye neno analazimika kulisema kabla.

Ya pili ni anayechunguza. Uchunguzi wa FBI juu ya mteule hufanywa kwa niaba ya Ikulu ya Marekani, na Ikulu ndiyo huweka mipaka yake. Mwaka 2021 ilibainika kwamba mwaka 2018 FBI walipokea taarifa zaidi ya 4,500 kutoka kwa wananchi kumhusu Kavanaugh, na zile zilizoonekana kuwa na maana zilipelekwa kwa wanasheria wa Ikulu. Anayemtaka mteule apite ndiye aliyeshika kipimo.

Ya tatu ni ukimya wa walioumizwa. Kwa hilo mkazi wa Pearland hana haja ya kwenda mbali. Sehemu kubwa ya mji huu iko Kaunti ya Brazoria, na kaunti hiyo iko chini ya kituo cha Galveston cha mahakama ya shirikisho ya Kusini mwa Texas. Kwa miaka mingi jaji wa kituo hicho alikuwa Samuel Kent, aliyeteuliwa mwaka 1990. Mwaka 2007 mfanyakazi mmoja wa mahakama alilalamika kwamba jaji alimdhalilisha kijinsia. Baraza la majaji wa eneo hilo lilimkaripia na kumpa likizo ya miezi minne. Waendesha mashtaka walipoingia, Kent alikiri mwaka 2009 kosa la kuzuia haki kwa kuwadanganya waliomchunguza, na akakubali kwamba aliwagusa kijinsia bila ridhaa wafanyakazi wawili wa kike kati ya 2003 na 2007. Alihukumiwa kifungo cha miezi 33. Alijaribu kujiuzulu kwa tarehe ya mwaka mmoja mbele ili mshahara uendelee. Baraza la Wawakilishi lilipomshtaki Juni 19, 2009, akaondoka kabla mwezi haujaisha.

Wafanyakazi wale walikuwa ofisini mwake kila siku, sheria ikiwa mlango wa pili, na bado malalamiko rasmi yalichukua miaka. Kama watu waliokuwa ndani ya jengo la mahakama walinyamaza hivyo, binti wa miaka 15 wa mwaka 1982 kunyamaza hakuthibitishi kwamba alisema uongo. Wala hakuthibitishi kwamba alisema kweli. Kuchelewa peke yake hakuna upande.

Msimamo wa kwanza: yaliyopita si ndwele

Wanaoshika msimamo huu wanasema tuhuma za zamani zisiruhusiwe kumzuia mteule isipokuwa zimethibitishwa. Nguvu yake ni ya kweli. Sheria zenyewe zina ukomo wa muda kwa mashauri mengi, kwa sababu mashahidi hufa, kumbukumbu huchanganyika, na anayetuhumiwa hawezi kuonyesha alikuwa wapi jioni fulani miaka 36 iliyopita. Ford hakutaja tarehe, na bila tarehe hakuna anayeweza kuonyesha kwamba alikuwa kwingine. Isitoshe, kijana wa miaka 17 si mtu mzima. Wanawake 65 waliomfahamu Kavanaugh enzi za shule walitia saini barua ya kumtetea.

Kuna hoja nzito zaidi: tuhuma isiyo na gharama kwa anayeitoa inaweza kugeuzwa silaha dhidi ya mteule yeyote wa chama chochote. Katika wiki zile zile zilitokea tuhuma nyingine zilizokuwa dhaifu sana, nazo zikaivuta hata ile nzito ionekane sehemu ya mchezo.

Udhaifu wa msimamo huu uko kwenye kipimo unachokidai. Uthibitisho usioacha shaka ni kipimo cha kumpeleka mtu gerezani. Mteule akikosa kura anarudi kwenye kazi yake. Kavanaugh angerudi kwenye mahakama ya rufaa, kiti cha heshima alichokalia tangu 2006. Pia ukisema tuhuma isipothibitishwa haihesabiki, halafu ukakataa ichunguzwe, umefunga mlango na kumlaumu aliye nje kwa kutoingia.

Msimamo wa pili: kiti si haki ya mtu

Upande wa pili unasema huu ni usaili wa kazi. Mwajiri akipata mashaka ya maana kuhusu mwombaji, huchukua mwingine, hasa wenye sifa wanapokuwa wengi. Mahakama haina jeshi wala hazina. Inaishi kwa kuaminiwa, na jaji anayeamua kesi za wanawake huku nusu ya nchi ikimshuku anaipunguzia mahakama nzima nguvu. Mwaka 1991 Anita Hill alimtuhumu Clarence Thomas, mteule wa Mahakama ya Juu, kumsumbua kijinsia kazini karibu miaka kumi kabla, naye Thomas akakana. Kamati ya wanaume watupu 14 ilimhoji Hill kana kwamba yeye ndiye mshtakiwa, na Thomas akapita kwa kura 52 dhidi ya 48. Miaka 27 baadaye Marekani ilijikuta ikirudia somo lile lile, ushahidi kwamba mashaka yasiyochunguzwa vizuri hayafi.

Udhaifu wake ni kwamba neno "mashaka" halina kipimo. Kama tuhuma moja inatosha, basi anayechagua majaji ni mtu wa mwisho kutuhumu. Mfano wa kazi nao una kikomo. Mwombaji wa kawaida akikosa kazi hatangazwi nchi nzima kuwa alijaribu kubaka. Kumnyima mtu cheo ni jambo dogo, kumchafulia jina mbele ya watu milioni kadhaa ni jambo jingine, na katika vikao vya hadharani mambo hayo mawili huja pamoja.

Unaweza pia kumkosa mtu aliyebadilika. Mwaka 1937, muda mfupi baada ya Hugo Black kuidhinishwa kuwa jaji wa Mahakama ya Juu, waandishi wa habari walifichua kwamba miaka ya 1920 alikuwa mwanachama wa Ku Klux Klan huko Alabama. Black alikiri redioni. Mwaka 1954 alikuwa mmoja wa majaji tisa walioamua kwa kauli moja kwamba kutenga shule kwa rangi ya ngozi ni kinyume cha katiba. Siri yake ingejulikana wiki chache mapema, huenda asingepita.

Msimamo wa tatu: ichunguzwe kwanza

Msimamo wa kati unataka kipimo cha kesi za madai: je, kuna uwezekano mkubwa zaidi kwamba jambo lilitokea kuliko kwamba halikutokea? Seneta Susan Collins wa Maine alikitumia kipimo hicho Oktoba 5, 2018 alipoeleza kwa nini angempigia Kavanaugh kura ya ndiyo: kwa maoni yake mizani haikufika hapo. Rachel Mitchell, mwendesha mashtaka kutoka Arizona aliyeletwa na chama cha Republican kumhoji Ford, alifikia hitimisho hilo hilo.

Ubora wa msimamo huu ni kwamba unampa kila mmoja haki yake: mlalamikaji anasikilizwa, mtuhumiwa anajibu, na kuna mstari unaojulikana mapema. Tatizo lake ni kwamba mizani haipimi kitu ambacho hakikuwekwa juu yake. Uchunguzi wa wiki moja, usiowahoji wahusika wakuu, unatoa jibu ambalo kila upande ulikuwa nalo tayari. Huwezi kusema ushahidi haukutosha kama hukuutafuta, wala huwezi kusema ungetosha kama hukuuona.

Kwa hiyo jibu la swali la tatu ni hapana: Seneti haikumsafisha Kavanaugh, kama ambavyo isingemtia hatiani kwa kumkataa. Kura si hukumu. Hata malalamiko 83 ya kimaadili yaliyopelekwa kwenye mfumo wa nidhamu wa majaji yalitupwa Desemba 2018 bila kupimwa uzito wake, kwa sababu sheria hiyo haiwagusi majaji wa Mahakama ya Juu, na yeye alishakuwa mmoja wao. Kanuni za maadili ambazo mahakama hiyo ilizipitisha Novemba 2023 nazo hazikuweka chombo cha kuzisimamia.

Nairobi na Dar es Salaam zilivyojaribu

Afrika Mashariki imeshaonja dawa hizi zote, kila moja na uchungu wake.

Kenya ilianza na panga. Mwaka 2003 ripoti ya kamati ya Jaji Aaron Ringera iliwagusa majaji 23 na mahakimu 82, majina yakamwagwa magazetini, na majaji wakapewa wiki mbili wajiuzulu au wakabili mahakama maalumu ya uchunguzi. Wengi waliondoka. Philip Waki alikataa, akaenda kujitetea, akaonekana hana kosa na kurudi kazini. Mwaka 2008 huyo huyo ndiye aliyepewa kuongoza tume ya kuchunguza ghasia zilizofuata uchaguzi. Angejiuzulu ndani ya zile wiki mbili, leo jina lake lingekuwa kwenye orodha ya wala rushwa na hakuna ambaye angejua zaidi.

Katiba ya 2010 ikaleta utaratibu. Bodi ya kuwapiga msasa majaji na mahakimu, chini ya Sharad Rao, ilimsikiliza kila mmoja na kutoa sababu kwa maandishi. Aprili 2012 iliwaona majaji wanne wa Mahakama ya Rufaa kuwa hawafai. Kwa wateule wapya, Tume ya Huduma za Mahakama hutangaza majina ya walioorodheshwa, hualika wananchi walete taarifa kabla ya usaili, na humhoji mwombaji hadharani. Mwenye neno la zamani ana mahali pa kulipeleka na tarehe ya mwisho anaijua.

Lakini hata mlango mzuri unaweza kuwekewa mtu wa kuusukuma kwa mguu. Mwaka 2019 tume hiyo ilipendekeza majaji 41. Rais Uhuru Kenyatta akakataa kuwateua, akitaja ripoti za vyombo vya usalama kuhusu uadilifu wa baadhi yao. Mmoja alifariki akisubiri. Juni 2021 rais aliwateua 34 na kuwaacha sita. Wawili kati ya hao sita, Joel Ngugi na George Odunga, walikuwa kwenye jopo lililoubatilisha mpango wake wa kurekebisha katiba, uitwao BBI, wiki tatu tu kabla. Ripoti zilizotajwa hazikuwekwa mezani ili wajibu. Septemba 2022 Rais William Ruto, siku yake ya kwanza madarakani, aliwateua wote sita. Tuhuma isiyoonyeshwa kwa mtuhumiwa ilimnufaisha aliyeishika, na yule aliyetuhumiwa akabaki bila kujua anajibu nini.

Tanzania imechagua ukimya. Rais huteua majaji wa Mahakama Kuu baada ya kushauriana na Tume ya Utumishi wa Mahakama, na Bunge halina kura. Hakuna anayeaibishwa kwenye televisheni, na heshima ya mahakama hailetwi sokoni. Gharama yake ni kwamba mwananchi mwenye taarifa hajui aipeleke kwa nani, na jaji anayesingiziwa hana jukwaa la kujisafisha. Yanayosemwa hubaki kwenye korido.

Mizani yenyewe

Tukiyaweka yote pamoja, mambo manne yanastahili kupimwa, kila moja kwa jiwe lake.

La kwanza ni uzito wa tendo lenyewe, tukichukulia kwa muda kwamba lilitokea. Kuvuta bangi ujanani, jambo lililomfanya mteule Douglas Ginsburg ajitoe mwaka 1987, hakulingani na kumshambulia mtu. Hapa miaka haipunguzi kitu.

La pili ni ubora wa ushahidi: je, mlalamikaji alisema kabla hajawa na faida ya kusema? Kuna maandishi au mashahidi wa wakati ule? Hapa miaka inapunguza sana, na inafaa kukubali hivyo bila kuona haya.

La tatu ni mwenendo wa miaka iliyofuata. Mwaka 1970 ilifukuliwa hotuba ya mteule G. Harrold Carswell ya mwaka 1948, alipounga mkono utawala wa watu weupe. Yeye alijitenga nayo. Seneti ilimkataa kwa kura 51 dhidi ya 45, na sababu kubwa ilikuwa kwamba wakosoaji waliona mwangwi wa hotuba ile kwenye kazi yake ya ujaji. Black alitoka kwenye doa kubwa zaidi, lakini miaka yake kitini ilikwenda upande mwingine.

La nne ni jibu la mteule, ambalo ni ushahidi mpya kabisa usiohitaji kumbukumbu ya mtu. Septemba 27, 2018 Kavanaugh alijibu kwa hasira na kuwataja wapinzani wake wa kisiasa waziwazi. Wapo waliosema asiye na kosa lazima akasirike. Jaji mstaafu wa Mahakama ya Juu John Paul Stevens, aliyewahi kumsifu, alisema mwenendo ule ulimfanya abadili mawazo. Kavanaugh mwenyewe aliandika baadaye kwamba huenda aliongozwa na hisia kupita kiasi. Hilo watu wangeweza kulipima bila kujua hata kidogo kilichotokea 1982.

Juu ya mawe hayo manne kuna mtihani wa mpimaji mwenyewe: ungesema vivyo hivyo kama mteule angekuwa wa chama kingine? Waliomwamini Hill 1991 na kumwamini Ford 2018 kwa sababu ya chama, na waliowakataa wote wawili kwa sababu hiyo hiyo, hawakupima chochote. Mkuki kwa nguruwe mtamu.

Mpiga kura wa Pearland naye ni seneta

Kuna kinachosahaulika mjadala unapoelekezwa Washington. Texas huchagua majaji wake kwa kura, kwa tiketi za vyama: wa mahakama za wilaya huko Angleton, wa mahakama mbili za rufaa za Houston, na wale tisa wa Mahakama ya Juu ya Texas. Cornyn mwenyewe aliingia hivyo mwaka 1990. Mkazi wa Pearland mwenye uraia ndiye anayemwidhinisha jaji atakayeamua talaka, mkopo wa nyumba au ajali ya barabara ya 288.

Naye huidhinisha vipi? Karatasi ya kura ni ndefu, majaji wako chini ya gavana na wabunge, na kando ya jina kuna chama tu. Mwaka 2018, katika Kaunti ya Harris jirani, Democrats walizoa viti vyote 59 vya ujaji vilivyogombewa. Tangu 2020 haiwezekani tena kuchagua chama kizima kwa alama moja, lakini anayeshuka jina kwa jina bado haoni kama aliyeandikwa aliwahi kukaripiwa.

Mfano mzuri ni Sharon Keller wa mahakama ya juu ya jinai ya Texas. Septemba 25, 2007 alikataa ofisi ibaki wazi baada ya saa kumi na moja jioni kupokea ombi la dakika za mwisho la mfungwa, aliyeuawa kwa sindano usiku ule. Tume ya jimbo ya maadili ya majaji ilimpa onyo hadharani mwaka 2010, onyo likafutwa mwaka huo huo kwa sababu ya utaratibu. Mwaka 2012 wapiga kura walimrudisha. Alianguka kwenye kura za mchujo za 2024, kwa ugomvi mwingine kabisa wa ndani ya chama.

Tume hiyo hupokea malalamiko ya mtu yeyote, awe raia au mwenye kadi ya kijani. Mengi hushughulikiwa kwa siri, ila adhabu za hadharani huchapishwa na yeyote anaweza kuzisoma kabla ya siku ya kura.

Kwa muhtasari

Tuhuma za zamani dhidi ya jaji mteule zinaleta maswali matatu, na kila moja lina jibu lake. Kuchelewa kwa tuhuma hakuthibitishi uongo wala ukweli. Kunadhoofisha ushahidi na kuliacha tendo na uzito wake. Kipimo cha jinai ni kikubwa mno kwa cheo, na mashaka matupu ni kipimo kidogo mno kwa jina la mtu, kwa hiyo uwezekano mkubwa zaidi ndio mstari unaotetewa kwa urahisi, mradi pawe na uchunguzi wa kweli nyuma yake. Na kura ya kumpitisha mtu haimsafishi.

Msimamo wa kwanza unalinda jina la mteule na kuwaacha walioumizwa. Wa pili unailinda mahakama na kumwacha asiye na kosa. Wa tatu unawabeba wote wawili, lakini hauna nguvu mahali ambapo uchunguzi unaongozwa na mwenye haja na matokeo. Ndiyo maana Marekani ilishindwa 1991 na 2018: ilingoja mpaka siku ya kura ndipo ifungue masikio. Nairobi imeonyesha kwamba mlango unaweza kuwekwa mapema, na imeonyesha pia jinsi mkubwa anavyoweza kuuziba. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wenyewe hujengwa siku saba kabla ya kura, kwa matofali ya kumbukumbu za miaka 36.